Wiki Chache za Fundi

Kaka yangu mpenzi,

Sisi huku tunasukuma siku. Paka amezaa ndani ya kikapu cha vitambaa vya Mama, na pedali ya cherehani nimeitia mafuta, sasa haipigi kelele.

Nina swali, mwalimu wa Kiingereza. Mtu akisema "a few", ni ngapi hasa? Tatu? Tano? Haziwezi kufika hata kumi? Mama alimuuliza daktari wa kigeni anayemtibu, yeye Mama amebakiza muda gani wa kuishi, daktari akajibu kwa neno hilo, na mkalimani ni mimi. Nikasema, "Wiki chache, Mama."

Mama akacheka. "Chache za daktari, au za fundi cherehani?"

Unamjua. Mteja akiambiwa siku chache, hurudi baada ya miezi miwili akakuta gauni bado halina mikono. Nikamjibu, "Za fundi, Mama."

Lakini tangu siku hiyo hapokei kitambaa kipya. Anashona tu vya watu vilivyolala kabatini, na jana mteja mmoja alikabidhiwa gauni kabla ya siku aliyoahidiwa. Kaka, umewahi kuona hayo?

Basi usinijibu kwa barua. Njoo.

Mdogo wako