Mistari Kichwani mwa Hodan

Hodan mwanangu,

Wewe uko chuoni Nairobi, na hapa Waberi, Garissa, kitanda chako kimejaa insha za Kiswahili za wanafunzi wangu. Leo nimekumbuka siku ile ya mnada wa mifugo wa Griftu, ulipoanguka katikati ya mbuzi wa abti yako, kaka yangu. Watu walirudi nyuma. Nikakulaza ubavu, nikakufuta povu huku nikisoma dua. Ulipozinduka uliuliza, "Hooyo, mbuzi wamekimbia?"

Dawa za kifafa ziliposhindwa, tukatumwa Nairobi kupigwa picha ya ubongo, MRI. Ulikuwa bado sekondari. Unamkumbuka yule daktari alivyotugeuzia kompyuta? Ubongo wako ulikuwa umepakwa rangi, kila sehemu na yake.

"Hatukupaka sisi," alisema. "Programu ilionyeshwa vichwa vingi ambavyo madaktari walikuwa wamevichorea mipaka. Sasa inachora yenyewe. Hizi mbili za njano ni sehemu za kumbukumbu. Ya kushoto imesinyaa, ina kovu. Kifafa kinaanzia hapo. Inaweza kukatwa."

"Ilijifunza kwa vichwa vya nani?" nikauliza.

"Vingi ni vya ng'ambo, mama."

"Kuna hata kimoja cha Garissa?"

Akasema hajui. Wallahi, ukweli huo ulinitisha kuliko uongo. Nikakataa kutia sahihi.

"Kichwa ni changu, Hooyo," ulisema, ukanigeuzia mgongo mpaka kwa shangazi yako tulikofikia.

Daktari alikubali kuchora upya kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Tuliporudi, akalaza mstari wake juu ya ule wa kompyuta. Mistari ililingana karibu kote. Nyuma tu ndipo kompyuta ilikuwa imevuka, ikaingia palipo pazima. Alisema wapasuaji wangefuata mstari wake. Nikakunong'oneza kwa Kisomali kwamba hata yeye simwamini.

Ukacheka. "Na yeye hujui alijifunza kwa vichwa vya nani!"

Nilicheka pia, nikatia sahihi.

Tangu upasuaji hujaanguka tena, alhamdulillahi. Majirani wananiambia nishukuru, nami nashukuru. Lakini nani anajua walichukua nini pamoja na kovu? Juzi jina la binti wa abti yako lilikupotea. Ulisema kila mtu husahau. Huenda. Mimi sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Ndiyo maana nikikupigia nauliza umepika nini, umekula na nani, mlicheka nini. Unadhani ni umbea wa mama. Chakula hicho hata sikijali, mwanangu. Ninasikiliza kama kuna mahali utanyamaza ukitafuta jina.

Mungu akulinde huko uliko. Nijibu kwa maneno mengi.

Mimi,
Hooyo yako