Barafu za Waridi za Rosalia

Kazija, acha chochote unachofanya usome hii.

Baba yake Rosalia amefariki asubuhi hii. Na harusi ya Rosalia ni keshokutwa!!

Mama yake hataki kusikia mochwari. Anasema mzee atalala nyumbani mpaka Xaveri, kaka mtu, afike kutoka Dodoma. Ikatakiwa barafu. Nangurukuru nzima hakuna, yote imebebwa na wenye samaki.

Rosalia akainuka, akafungua friza. Unaikumbuka ile mashine yake ya kutengeneza barafu za umbo la waridi? Wiki nzima alikuwa anazitengeneza kwa ajili ya vinywaji vya harusi.

Akasema, "Chukueni hizi."

Zote, Kazija. Akampangia baba yake ubavuni kwa mkono wake, moja moja, kama anapamba meza.

Shangazi mmoja akanong'ona, "Jamani, maiti na maua ya soda?" Rosalia akapanga nyingine.

Kilichonimaliza ni hiki. Jana mzee alimwomba amwonjeshe moja kwenye soda. Akamjibu, "Subiri harusi, baba, utakunywa mpaka useme basi."

Sasa amekaa anafuta maji sakafuni. Anarudia hilo tu: "Aliomba moja. Moja tu, nikamwambia asubiri."