Nchi ya Chokaa

Kwa dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo? Hilo neno la pili nimeliandika, nikalikata, nikaliandika upya, kwa sababu mara hii siulizi kwa mazoea. Nauliza kwa kuwa nataka kujua. Sisi nyumbani hatujambo. Mama ni mzima. Goti linamsumbua asubuhi lakini mdomo hauna maradhi, na vita vyake na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo vinaendelea vizuri. Anakusalimu sana. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Moyo ndio sijui nikuambie nini, maana umepigwa na butwaa na mpaka sasa haujatulia.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, mtu mvivu hata wa kuandika ujumbe wa simu. Sababu yake utaiona. Nakuomba tu uisome kwa mpangilio huu huu, usirukie mwisho, maana nakujua. Nitakusimulia kana kwamba hujui lolote. Nivumilie.

Pale kazini, kwenye chumba chetu cha kushonea mapazia, fundi mwenzangu tunayemwita Bingwa ndiye aliyeniambukiza ugonjwa wa katuni. Kuna katuni moja inatoka mtandaoni, sehemu mpya kila Ijumaa, inaitwa Nchi ya Chokaa. Mchoraji wake hajulikani. Hana jina wala picha. Ndani yake yumo msichana mmoja, naye hakupewa jina, na kwa kuwa havai viatu, soksi tu, wasomaji tunamwita Soksi. Soksi anaishi mahali ambapo hakuna anayejua ni wapi, na hapo ndipo tuliponasa. Bingwa alinionyesha sehemu ya kwanza tukisubiri pasi ipate moto. Pasi ikapata moto, ikapoa, sisi bado tumeinamia simu.

Hebu nikueleze mahali penyewe. Sakafu ni nyeupe tupu. Taa zimeota sakafuni, ndefu, zimelala ndani ya masanduku ya kioo. Kuna maua madogo ya chuma ambayo hayanyauki. Kuna reli, dada, reli nyembamba inayozunguka kona na kurudi karibu na ilikoanzia, na hakuna treni iliyowahi kupita. Milango ina vizingiti virefu vya kumfika Soksi kiunoni, akitaka kutoka lazima aparamie kama mwizi. Na juu angani wananing'inia watu wenye mavazi meupe, vichwa chini, wanapita na matoroli, wanashughulika na mambo yao huko huko juu, wanaondoka bila kumwona. Hao tuliwabatiza popo weupe.

Basi tukaunda kundi la simu la kubishana. Yumo mmoja anajiita Baharia, ambaye siamini kama amewahi hata kupanda mtumbwi. Yeye alishikilia kwamba pale ni melini, kwa sababu milango ya meli ina vizingiti virefu. Yumo Mstaafu, mwalimu wa zamani anayesahihisha hata koma zetu. Yeye alisema ni ahera na wale popo ni malaika. Yumo na Mama Mapacha, aliyemjibu kwamba kama ahera kwenyewe kuna matoroli yenye gurudumu linalolia, yeye haendi. Mimi nilisema ni kiwanda cha nguo na ile ni reli ya kutundikia nguo, na nilimbishia Baharia kwa hasira mpaka nikaunguza pazia la mteja. Bingwa akaniambia kwa hali hii nitaolewa na reli.

Kuna sehemu moja Soksi alinyoosha mkono kuelekea kwa popo akasema neno moja tu: Vuta. Hakuna popo aliyegeuka. Kundi zima lilishinda siku nzima likilichambua neno hilo. Baharia alishangilia akasema ushahidi ndio huo, hapo wanavuta nanga. Mstaafu alisema ni dua. Mimi nilikumbuka vibandiko vya kwenye milango ya maduka, sukuma huku, vuta kule, nikasema Soksi amepata mlango. Tukacheka. Dada, nilicheka na mimi. Sijui akili yangu ilikuwa imekwenda kutembea wapi siku hiyo.

Halafu ikaja sehemu ya mwisho kutoka. Nguvu iliyokuwa ikimshika Soksi sakafuni imemwishia. Miguu imeinuka, anaelea kuelekea angani, na kinachomzuia asipotelee huko ni mkono mmoja aliofumba kwenye taa. Chini ya picha ameandikiwa kwamba amechoka kushika. Na mchoraji, ambaye hajawahi kutusemesha hata siku moja, akatuuliza sisi wasomaji: aachie, au asiachie?

Ilikuwa kama sherehe. Kila mtu alitaka kujua juu kuna nini, na njia ya kujua ilikuwa moja tu. Tulimpigia kelele aachie. Baharia alisema achia, meli iko bandarini. Mama Mapacha alisema achia, wanangu wanataka kulala. Msomaji mmoja anayejiita Chokochoko ndiye aliyewashinda wote kwa maneno. Aliandika kwamba Soksi ameshika vya kutosha, hakuna anayemdai kushika zaidi, aachie mkono apumzike, na sisi tutampigia makofi. Watu walimwaga mioyo myekundu chini ya maneno hayo mpaka simu zikawa nzito. Na mchoraji akajibu. Akamwandikia Chokochoko: ahsante, nilikuwa nangoja mtu aniambie hivyo.

Ijumaa iliyofuata hakutoa kitu. Kundi likalalamika kidogo, likaendelea kupiga domo.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita mimi na Bingwa tulipata kazi ya kushona mapazia ya wodi, katika hospitali ya mjini kwetu. Tulikwenda kupima. Wodi ilikuwa tupu, imepakwa rangi upya. Bingwa alikuwa ameshika futi, mimi nilitakiwa nihesabu ndoano zilizo juu, na kwa uvivu wangu nikajilaza kitandani ili nisikaze shingo. Nikatazama dari.

Dada, niliiona reli. Ile ile, nyembamba, inazunguka kona ya kitanda na kurudi. Reli ya pazia! Mimi, fundi wa mapazia, nimebishana miezi mizima kuhusu reli ya pazia! Nikaziona taa ndefu ndani ya masanduku yake. Nikayaona maua ya chuma, vile vichuma vya kumwagia maji pale moto unapozuka. Nikautazama mlango kichwa kikiwa kinaning'inia ukingoni, na ule ukuta ulio juu ya mlango ukageuka kizingiti kirefu. Akapita nesi na toroli lake kichwa chini, akiwa mweupe kama popo. Nilipiga ukelele, Bingwa akaangusha futi akidhani nimeumwa na kitu.

Nikamwambia nimeipata, Nchi ya Chokaa ni dari, dari ya hospitali, dari ya mtu aliyelala! Bingwa akarukaruka, tukakumbatiana katikati ya wodi kama wehu. Nikatoa simu nimwaibishe Baharia mbele ya kundi zima. Nilikuwa nimeshaandika nusu. Nikafika kwenye neno Vuta, nikitaka kulieleza nalo pia, na hapo nikaacha kuandika.

Unakumbuka kitanda chetu cha utotoni, kile kilicholia kila ukigeuka? Unakumbuka tulivyokuwa tunalala kwa kukikata, vichwa vinaning'inia ukingoni, miguu ukutani na soksi zetu, tukisema tumekwenda Juu? Tulitembea darini kwa macho. Tuliruka vizingiti, tuliipiga teke taa, na Mama akipita tulimcheka kwa kuwa ananing'inia. Wewe ndiye uliyetunga sheria, baada ya mimi kujiinua kwa pupa siku moja nikapata kizunguzungu nikaipasua nyusi kwenye kabati. Ulisema aliyeko Juu hashuki peke yake. Anasema Vuta, na mwenzake anampa mkono. Kovu bado ninalo hapa kwenye nyusi.

Sheria hiyo hatukumfundisha mtu. Mama mwenyewe haijui. Duniani tunaijua wawili, na mmoja wao alikuwa amejilaza kwenye kitanda cha wodi akiwa na simu mkononi.

Nikaanza kuzikumbuka meseji zako moja moja. Kwamba uko na kazi nyingi, ofisi imekubana, ramani za kuchora haziishi. Kwamba kamera ya simu yako imeharibika, ndiyo maana tunasikia sauti tu. Kwamba sauti ni nzito kwa ajili ya mafua. Mama alikuwa anasema mtoto huyu anafanya kazi sana, mimi naitikia. Nilimwambia Bingwa naomba nikae kidogo, nikakaa sakafuni.

Niliipigia simu ofisi yako. Aliyepokea alinipa yule mwenzako wa meza ya pili, na yeye alilia kabla sijamaliza kujitambulisha. Alisema alidhani tunajua. Alinitajia hospitali uliyolazwa, akasema ni uvimbe kwenye uti wa mgongo, kwamba miguu ilianza kufa ganzi ukiwa kazini, kwamba umeshapasuliwa mara moja na madaktari wanataka kukupasua tena kwa sababu bado wanaona matumaini ya miguu na ya uhai. Akasema ulikuwa umekubali. Halafu ghafla ukabadili mawazo, ukakataa kutia saini, ukageukia ukutani na humsikilizi mtu. Nikamwuliza ni lini ulibadili mawazo. Aliponitajia siku, niliikata simu bila kuaga, na naomba unisaidie kumwomba radhi.

Dada, ni siku ile ya Chokochoko.

Sasa nimefika mahali ambapo kalamu haitaki kwenda. Niliyekuambia uachie ni mimi. Chokochoko ni mimi. Jina nililichukua kwa kuwa Mama ananiita hivyo ninapomtibua, na wewe hukuwa nyumbani kulisikia. Wote tulipiga kelele, lakini uliyemjibu ni mimi, na lile ulilokuwa unangoja kuambiwa, nilikuambia mimi, kwa maneno matamu, nikiwa natafuna karanga kwenye cherehani, nikihesabu mioyo myekundu. Nilijua kila kitu kuhusu reli na taa na popo. Sikujua kwamba chini yake kuna mtu, na mtu mwenyewe ni dada yangu.

Nayafuta maneno yale yote. Hayakuwa yangu, yalikuwa ya mtu anayesoma katuni. Haya ndiyo yangu: usiachie. Najua umechoka, na sitajifanya naelewa ulivyochoka. Nimekukasirikia pia, nikuambie ukweli, nimekukasirikia mpaka nimelia ndani ya basi na abiria akanipa leso. Uliwezaje kuwaambia watu usiowajua, ukatunyima sisi? Tungekuja na Mama na goti lake. Najua utasema ndiyo maana hasa hukutuambia. Hasira yangu tutaimaliza ukishatoka kitandani, nitaihifadhi, haichachi.

Sikuandikii kutoka nyumbani. Niko hapa chini, kwenye benchi la wageni, upande wa bomba la maji. Mapokezi wameniambia uliagiza ndugu asiruhusiwe kupanda, na wameheshimu agizo lako, na mimi naliheshimu ingawa limenichoma. Lakini popo mmoja mweupe, mama mwenye miwani, amekubali kukuletea barua hii. Toroli lake gurudumu linalia kweli. Nilipolisikia likija, nilisimama wima bila kujua nimesimama.

Sitapanda ngazi kwa nguvu. Sheria ni yako na sitaivunja, kovu ninalo. Mwambie mama mwenye miwani lile neno moja, yeye atadhani ni mlango, mimi nitaelewa.

Mama anakusalimu tena. Anajua nimesafiri kupima mapazia, na kwa kweli sikumdanganya sana, maana nimeyachungulia ya wodi zenu na ni aibu tupu. Bingwa naye anakusalimu, na kundi halijaambiwa kitu. Baharia bado yuko melini. Pole, dada yangu. Pole sana kwa kukaa huko Juu peke yako muda wote huu.

Mkono nimeshanyoosha.

Ni mimi mdogo wako,
Chokochoko,
hapa chini kwenye benchi