Mji Wenye Shule Karibu

Mwenzangu, uko? Usinipigie, nitalia. Soma tu.

Leo nimekwenda na dalali kuona ile nyumba ya vyumba vitatu, kwenye ule mji wa pembezoni wenye shule karibu. Ule ninaokuimbia kila siku. Ni mbali na kazini, lakini nilisema watoto kwanza.

Nikampigia baba watoto, aliyebaki kwao na watoto hadi nipate nyumba huku, nikaweka spika, ili amsikie dalali mwenyewe tusije tukalaumiana baadaye. Mimi huku napima kwa mikono ukuta wa kuweka kitanda cha dabo deka.

Dalali akauliza, "Familia ni watu wangapi?"
Nikajibu, wanne.
Simu ikajibu, "Mtafutie chumba kimoja tu. Sisi hatuji."

Sisi hatuji. Kwa sauti ile ile anayoniambia mkate umeisha.

Nikamwambia rudia. Akarudia. Eti watoto wameshazoea kwa bibi yao. Eti alikuwa anatafuta namna ya kuniambia. Namna yenyewe ndiyo hiyo, mbele ya dalali.

Dalali maskini akajifanya anakagua bomba. Akafungua, akafunga, akafungua tena. Kisha akasema taratibu, "Dada, vyumba vya mtu mmoja viko ule mji mwingine, karibu na kazini kwako."

Mwenzangu, ule mji niliukataa kwa sababu hauna shule.

Nimekaa hapa natafuta sababu nyingine ya kuukataa. Sijaipata.