Liwa Usoni mwa Mama

Maskati

Dada yangu Mwanaisha,

Shikamoo. Mmeamkaje huko Mbuchi, na macho ya Baba yanaendeleaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Tangu mmzike Mama, kazini nasukuma mizigo tu, nikirudi chumbani nafunga mlango nalia.

Ile picha yake moja tuliyonayo, ya nyeusi na nyeupe, uliyoipiga kwa simu ukanitumia, nimeihamishia kwenye kompyuta. Baba anataka ya kushika mkononi, tena kubwa, amwone mkewe kabla macho hayajazimika kabisa. Nikadhani ni kazi ya jioni moja. Kumbe printa yangu hii ya nyumbani ikichapa nyeusi inatoa ukijanikijani. Nikaongeza buluu, Mama akawa kama anasikia baridi. Karatasi ile niliichana haraka. Nikajaribu kahawia, kidogo kidogo, nyingi penye vivuli, kidogo penye mwanga. Hapo akaanza kurudi.

Lakini uso ulikuwa mweupe kuliko mikono. Nikasema picha imefubaa, nikaukoleza mpaka ukalingana na mikono, nikawatumia muione kwanza. Sauti ya Baba mliyonirudishia nimeisikiliza mara nyingi: "Hamisi, huyu nani tena? Miye mke wangu simwoni hapa." Halafu wewe nyuma yake: "We Hamisi! Ile si kufubaa, ile liwa. Mama kapigwa picha akitoka bondeni kuvuna."

Liwa! Dada, kila msimu wa mpunga nilimwona akiisugua kwenye jiwe, ajipake jua lisimchome, na mimi nimekaa huku nimemfuta. Siku ile niliumia kama ndiyo kwanza unanipigia kunipa habari ya msiba.

Sasa nimemrudishia liwa yake. Kahawia nimeiacha mikononi na shingoni, usoni nimeigusisha tu. Picha anakuja nayo jirani yangu wa hapa, mtu wa Ikwiriri, anayerudi likizo. Mpe Baba asubuhi, mlangoni penye mwanga, na usimwambie kitu. Mwache amtaje mwenyewe.

Nisalimie shemeji na watoto, na Shangazi aliyemwosha Mama. Mwambie namshukuru sana.

Mimi sikujaliwa kumtilia udongo. Nilipoitoa picha kwenye printa wino ulikuwa bado mbichi, rangi ya mikono yake ikanishika kidoleni. Natawadha, haitoki, wala siisugui.

Mdogo wako,
Hamisi