Mumeo Anaijua Dawa Yangu

Dada Kulwa, shikamoo.

Ziwa huku Mwanza limetulia, ila mimi nachemka. Mwenzangu wa kitanda cha pili hapa wodini ana saratani ya titi kama mimi, lakini dripu yake ni nyekundu, yangu nyeupe kama maji. Nikamuuliza daktari kwa nini. Akamgeukia mumeo aliyenisindikiza, akamweleza yeye kwa kirefu. Mimi nikaambiwa nile vizuri. Nile nini, na minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunauziwa mapanki, mifupa mitupu?

Nikamwambia daktari, "Titi ni langu! Basi na sindano mchome yeye." Akacheka. Mumeo naye ananificha, eti nisiingiwe na hofu.

Wakumbatie watoto. Mumeo akishavuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga kurudi huko, mbane akwambie natibiwa kwa dawa gani, kisha uniandikie, dada yangu.