Saleh Alihesabu Gunia

Kwa mudogo wangu Zaina, huko kwetu Kibombo,

Umeamkaje? Mugongo umepoa, ao ungali unaupinda shambani kama kijana? Mimi hapa Kindu ningali napumua. Mukono unaoandika ni wa jirani yangu, Mama Mwajuma. Maneno ni yangu, na nimemukataza kuyalainisha.

Zaina, mutoto wako ameniuza.

Unajua Ramazani wangu anaendesha kamyo, na nyuma anakokota remoroki, lile gari lisilo na injini, limejaa mupunga. Siku ile kwenu gunia zililala inje, zikakunywa mvua, zikawa nzito kama maiti. Ramazani akaona mipira ya magurudumu ya remoroki imebonyea. Akamwambia Saleh wako, kapita mwenye kusimamia watu wa kupakia: "Ndugu, punguza. Mupira utapasuka."

Saleh akacheka. "Gunia njo gunia! Mimi nahesabu, sipimi. Unaogopa kama bibi arusi?" Akaongeza zingine juu.

Karibu na kufika huku, kwenye muteremuko, mupira ukalia paa! Remoroki ikapinduka. Muzee mumoja aliyepanda juu ya gunia akavunjika muguu. Ramazani wakamufunga, wakamutia boloko.

Saleh akaitwa. Alikuja na treni, akamwambia Muzungu wa polisi: "Dereva alijipakilia mwenyewe." Kisha akapita mbele ya mulango wangu, namuona na macho haya, asipige hodi! Mulango wangu, Zaina!

Ulipougua kisha ya kumuzaa, nani alimunyonyesha? Ziwa hili Saleh, hili Ramazani. Mwalimu wa musikiti akatuambia, hawa njo ndugu sasa, hata binti ya mumoja asiolewe na mwingine. Basi Saleh hakumusingizia dereva. Amemusingizia ndugu yake.

Hakimu atasikiliza neno hili juma ijayo. Mutie Saleh kwenye treni, hata kwa kumuvuta sikio. Sitamupiga. Nitamupikia sombe, majani ya muhogo anayopenda, atashiba, kisha nitamushika mukono mpaka kwa hakimu, arudilie palepale maneno yake kwa Ramazani: nahesabu, sipimi. Nilimushika vile siku ya kutahiriwa. Alilia, lakini alienda.

Nisalimie bwana wako na kikohozi chake, na mukwe wetu mwenye kukaanga mandazi. Saleh usimupe salamu zangu. Atazikuta hapa, pamoja na sombe.

Dada yako aliyekulelea mutoto,
Bibi Asha